Dawa Sita Tumboni mwa Kaka

Jumanne, 1 Julai 1947. Kijijini Ndama

Nimekamua ng'ombe watatu. Wa nne kapiga teke kibuyu, maziwa yote chini. Nikampiga ngumi ya ubavu. Yeye hakuumia, mkono wangu ndio umevimba.

Kiangazi cha mwaka huu kibaya. Kijito cha bondeni kimekonda. Hori la udongo la kunyweshea ng'ombe tulilijenga sisi, kwa mikono yetu, na watu wa ng'ambo wanaleta ng'ombe wao kabla ya zamu yao. Leo tena. Kaka Bitegeko amesema kesho anashuka na mkuki. Nikamwambia fimbo inatosha. Akasema jeshi limenirudisha nyumbani mwanamke. Ma Koku, mke wake, akacheka, kisha akaziba mdomo.

Kaka alinilea baba alipokufa. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemng'oa meno.

Jumatano, 2 Julai

Damu. Tumepigana horini tangu jua linatoka mpaka umande ukakauka. Wao saba, sisi watano. Nimempiga mmoja fimbo ya bega, nimesikia mfupa ukivunjika. Sifichi. Nilifurahi. Miaka miwili nilibeba majeruhi Burma, nikafunga vidonda vya watu nisiowajua, na leo nimefurahi kuvunja mfupa wa jirani.

Halafu kaka akapiga kelele. Mundu umemwingia pajani, chini kidogo ya nyonga. Nyama imefunguka. Mkuki wake hata haukumgusa mtu. Nimemfunga kwa shati langu, wanawe wakambeba, mimi na Felisiani, mtoto wake wa kwanza, tukabaki kuwazuia wale. Ng'ombe wakanywa maji yenye damu bila kujali.

Nyumbani kaka aliuliza kwanza kama ng'ombe wote wamekunywa. Kichwa kigumu.

Alhamisi, 3 Julai

Homa. Paja limevimba, linanuka. Najua harufu hiyo.

Nimetoa mkebe wangu chini ya kitanda. Vidonge vya salfa, dawa ya jeshi ya vidonda vilivyooza, kumi na viwili. Sikuvirudisha nilipoachiwa. Nimempa vinne kwa mpigo, kama tulivyokuwa tukianzisha wagonjwa kule, na vingine jioni.

Salfa ina sharti moja. Maji. Kikombe kikubwa kwa kila kidonge, na kingine juu yake, na kingine, mpaka mkojo uwe mweupe. Bila maji inageuka mchanga ndani ya figo, njia inaziba. Daktari wetu alitufundisha hilo kwa makofi. Nilimwona askari mmoja aliyemeza salfa na kuogopa maji ya mto. Siku ya tano uso ulikuwa umevimba mpaka macho hayaonekani. Tulimzika.

Nimemweleza kaka yote hayo. Ma Koku kaleta kikombe cha maji. Kaka kakitupa ukutani. Kwake maji ni ya ng'ombe na ya kunawa. Mwanamume mwenye maziwa na migomba akionekana anagida maji, watu watasema kaishiwa. Na wageni wako mlangoni, wanaangalia.

Kanywa vidonge kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Nimeona, nikaacha. Nikajiambia rubisi nayo si ni majimaji? Mimi! Mimi niliyepigwa makofi kwa jambo hilohilo. Nilichoka, nilitaka kulala.

Ijumaa, 4 Julai

Felisiani kamleta dresa wa zahanati, mtibu vidonda, kijana anaitwa Simeoni. Kaja na baiskeli, soksi mpaka magotini. Nilipokwenda vitani alikuwa bado anachunga mbuzi. Kasafisha kidonda vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha kauliza: "Mgonjwa amekwisha kunywa dawa yoyote?"

Kaka akasema hapana. Hakuwa anadanganya kwa ubaya. Kwake dawa ya mdogo wake si dawa, ni kitu cha nyumbani.

Nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika beseni. Nikanyamaza. Sababu ya kwanza, vidonge ni vya jeshi, na kuna watu wamefungwa jela kwa blanketi la jeshi tu. Sababu ya pili, Simeoni aliniambia "wewe, sogeza hilo beseni" bila hata shikamoo. Sababu ya pili ndiyo kubwa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Simeoni ametoa salfa. Ileile. Viwili viwili, kutwa mara nne, maji mengi. Akapanda baiskeli yake.

Jumamosi, 5 Julai

Maziwa kidogo, rubisi nyingi. Maji hataki. Nimegombana naye mara tatu. Ya tatu kanirushia fimbo.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya sala nyumba imejaa. Hapa kwetu huji kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Unaleta dawa, unaonja wewe kwanza mbele ya watu, kisha unampa, naye anakunywa ukiwa umemkodolea macho. Akikataa, amekuita mchawi. Basi kaka hakukataa hata moja.

Ma Nyamwiza, mama wa dawa za majani, kaja na chungu chake. Dawa chungu hiyo, nyeusi, inakausha ulimi. Kaka kanywa bakuli zima. Mzee wa kanisa kaleta chumvi ya haluli ya kuharisha, eti atoe uchafu wa damu. Kaka kaharisha mpaka macho yamedidimia. Kisha Kagaruki, ndugu yake Ma Koku, kaja kutoka Kayanga na chupa ya dukani, dawa ya nguvu, ina picha ya mtu mwenye misuli, na vidonge vyeupe vya maumivu. Vile vya maumivu kaka anavijua. Tangu mwaka juzi anavitafuna kwa ajili ya mgongo kama mtu anayetafuna bisi.

Nimehesabu kwa vidole. Vidonge vyangu. Vidonge vya Simeoni. Chungu cha Ma Nyamwiza. Haluli. Chupa ya nguvu. Vidonge vya dukani. Sita, kila mmoja ameleta ya kwake na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na maji hata funda moja.

Nimejaribu kusema. Kagaruki kasema, "Zakaria, kwani wewe umeleta nini?" Watu wakacheka. Ningeweza kumjibu.

Jumatatu, 7 Julai

Kidonda kizuri! Usaha umepungua, homa imeshuka. Kila mtu anajisifu dawa yake. Kaka mwenyewe anatabasamu.

Lakini anashika kiuno, pande zote mbili. Anasema mgongo wake wa siku zote. Mgongo wake wa siku zote ni wa katikati, namjua.

Mchana Ma Koku kanivuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kasema kwa sauti ndogo: "Shemeji, tangu jana jioni kakojoa mara moja." Nikamwambia nioneshe. Kanionesha chombo. Kidogo, hakijai kiganja. Rangi ya chai ya rangi. Nikatia kidole. Mchanga.



Jumanne, 8 Julai

Nimesimama mlangoni na fimbo ileile ya horini. Haipiti dawa, hapiti mtu mwenye dawa.

Ma Nyamwiza alifika wa kwanza. Shikamoo nimempa, heshima nimempa, nikachukua chungu nikakimwaga uani. Kashika kichwa, kalia "Mawe!", yaani mama wee, mpaka watu wa shamba la pili wakatoka. Mama mzee. Hakustahili. Ila ningekimwaga tena.

Kagaruki hakutaka maneno. Kanisukuma kifua. Nikampiga. Chupa ya nguvu ikapasuka kwenye jiwe la kusagia, jino lake moja likatoka, damu na dawa vikachanganyika shatini. Akainuka, akanipiga kichwa cha pua. Tukashikana mpaka tukaanguka kwenye majivu. Kwa hasira nilizokuwa nazo ningeweza kumuua na nisijute mpaka kesho yake.

Alipoachanishwa kasema kile ambacho wote walikuwa wakikifikiri. Bitegeko akifa, nani anashika boma? Nani anapewa ng'ombe awatunze? Nani anamrithi Ma Koku? Zakaria. Basi ndiyo maana Zakaria anazuia dawa.

Hata Felisiani hakunitetea. Kanitazama, akatema mate karibu na mguu wangu. Mtoto niliyemfundisha kuruka mtaro.

Kaka ndani amesikia yote. Leo kakojoa kijiko.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda zahanati mbio, kifungua kinywa sijala. Simeoni alikuwa anaosha sindano. Shikamoo hakunipa, nami safari hii sikuitaka. Nimemwambia yote. Mkebe, vidonge kumi na viwili, rubisi, chungu, haluli, chupa, vidonge vya dukani. Nimemwambia nilikuwa nimesimama pale na beseni alipouliza, nikanyamaza.

Kanipiga kofi. Mtu mdogo, mkono mwepesi, lakini lilipiga sikio likalia. Wagonjwa wote kwenye benchi waliona. Nikasimama vilevile. Nikamwambia kama anataka la pili apige, ila aniambie la kufanya.

Kasema angejua ya kwangu asingempa yake. Salfa juu ya salfa. Na haluli ikatoa maji kidogo aliyokuwa nayo mwilini. Na chungu hajui kina nini, na vidonge vya dukani hajui vina nini, na ndiyo maana havitaki, kwa sababu figo ndizo zinazochuja vyote, kijulikanacho na kisichojulikana, na za kaka zimechoka.

La kufanya: vyote viachwe. Vyote, na salfa yake pia. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi tu. Maji ya kunywa yaliyochemshwa, na magadi kidogo sana, ncha ya kisu, ili ule mchanga uyeyuke. Kikombe kimoja, apumzike, kikombe kingine. Mkojo upimwe kwenye kibuyu, uandikwe. Uso ukianza kuvimba, acha maji mara moja. Kesho jioni mkojo usipotoka, abebwe kwa machela mpaka barabarani, lori, hospitali ya Bukoba. Akasema hata huko hajui kama atapona.

Nimerudi bila kukimbia.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una meno ya kaka.

Asubuhi nimempelekea kikombe kwa adabu. Nimepiga magoti. Kaka, tafadhali. Kakimwaga. Cha pili kakimwaga. Nimemwambia ni mimi niliyeanza, nilimpa salfa na nikaacha anywe na rubisi. Kasema: "Basi wewe ndiye uliyeniua, na sasa unataka nife nikinywa maji kama mbwa." Uso wake ulikuwa wa njano. Pumzi yake inanuka mkojo.

Nikaona yule askari tuliyemzika.

Nikafunga mlango kwa gogo. Nikampanda. Ndiyo, kaka yangu mkubwa, nimempanda kifuani, magoti yangu juu ya mikono yake, nikambana pua. Nikamwambia Ma Koku amimine. Ma Koku alikuwa analia, lakini kamimina. Kaka kanitukana, nikamwambia mimina. Kaning'ata kiganja mpaka mfupa, nikamwambia mimina. Kapata mkono mmoja, kashika fimbo ya kutembelea, kanipiga nayo kichwani mara nne, tano. Damu ikanitiririka machoni, ikamdondokea na yeye usoni. Vikombe viwili viliingia. Nikamwachia apumzike. Tukatazamana kama majogoo. Kisha nikampanda tena.

Felisiani na wadogo zake wawili walivunja mlango. Sikujitetea, mikono yangu ilikuwa na kazi. Wamenipiga mbavu, mgongo, mguu. Mmoja kapiga kwa mpini wa jembe. Nilipoanguka nilisikia Ma Koku. Sijawahi kusikia sauti ile. Alikuwa amechukua mkuki wa mume wake ukutani, kaushika kwa mikono miwili, kawaambia wanawe wa kuzaa: "Atakayesogea namchoma. Mimi ndiye ninayeona chombo. Nyie mnaona nini?"

Wakasimama. Felisiani akatupa fimbo. Akauliza chombo gani. Ma Koku akamletea, akamwambia atie kidole kama baba yake mdogo alivyotia.

Baada ya hapo Felisiani ndiye aliyemshika baba yake. Mimi sikuweza kuinuka. Nililala sakafuni nikihesabu vikombe. Kaka alikuwa analia kwa hasira, mtu mzima, machozi mpaka masikioni. Sijawahi kumwona analia, hata baba alipokufa. Kikombe cha saba. Cha nane. Nilikuwa namchungulia uso kama umevimba. Haukuvimba.

Jua lilipokuwa linaelekea milimani kasema, kwa sauti ya chuki, aletewe kibuyu.

Robo kibuyu. Mwekundu, mchanga umejaa chini. Felisiani alikitoa nje kukimwaga akakaa nacho uani, amekishika tu.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi nusu kibuyu. Mchana nusu. Jioni karibu kijae. Rangi ya rubisi changa. Anakunywa mwenyewe, anageukia ukutani ili asionekane.

Mbavu zangu mbili zimevunjika. Simeoni kanifunga. Alipomaliza kaniita mzee.

Jumapili, 13 Julai

Watu wamejaa tena. Safari hii Ma Koku alikaa mlangoni, kila mwenye dawa akaiacha nje, chini ya mti wa kahawa. Zilikuwa nyingi. Mtu mmoja kaleta mafuta ya simba, simba gani sijui.

Nimesimama mbele yao. Nimewaambia dawa ya kwanza ilikuwa yangu, nikamficha dresa kwa kiburi. Nimemwomba Ma Nyamwiza msamaha, kanishika kichwa, kanisamehe, kisha kanisema vibaya kwa nusu saa. Nimemwomba Kagaruki. Kasema jino haliombewi msamaha. Sawa.

Wengine wakaanza kunong'ona: kumbe alitaka kumuua kweli. Nilijua watasema. Bora waseme hilo kuliko kila mmoja kubaki na dawa yake mfukoni akingoja zamu ya mgonjwa mwingine. Felisiani kawatoa nje wawili kwa kola za mashati yao.

Kaka alikuwa amekaa, mgongo ukutani. Mkojo mweupe tangu jana. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitazama.

Jumamosi, 19 Julai

Kaka kaniita uani, mbele ya wanawe. Anatembea na fimbo. Kidonda kimefunga. Nilimwamkia, hakuitikia. Alisema maneno yake taratibu, yamekaa tayari, kama mtu aliyeyapanga kwa siku nyingi.

"Salfa yako nimekusamehe. Hata mimi ningenyamaza kwa mtoto yule mwenye soksi. Kuniziba pua, nimekusamehe. Lakini magoti yako yalikuwa kifuani kwangu, mbele ya mke wangu na wanangu. Kila nikiwaona wananiona nilivyokuwa pale chini. Sitaweza kukaa uani pamoja na wewe, Zakaria. Chukua ng'ombe wako wanne, uende."

Nilitaka kumpiga. Naandika ukweli. Nilitaka kumpiga pale pale na kidonda chake, nimuulize anajua angekuwa wapi sasa. Anajua. Ndiyo maana hawezi.

Nikasema ndiyo, kaka.

Ma Koku kanifungia mkeka na chungu. Felisiani kanisindikiza mpaka kijitoni, kabeba mzigo wangu. Tulipofika majini kaniambia: "Baba mdogo, mimi ndiye niliyeshika ule mpini wa jembe." Nikamwambia najua. Ulikuwa mzito.

Jumapili, 27 Julai

Najenga mteremko wa pili, upande wa Bugene. Kuta mbili zimesimama. Nyasi za kuezekea nilizikata jana, mbavu zinalalamika nikiinua mkono. Ng'ombe wawili wanatoa maziwa. Kanisani sikwenda.

Asubuhi upepo ulikuwa unatoka kwao. Nikasikia sauti ya kaka ng'ambo, yuko zizini. Kwanza alimtukana fahali. Kisha akawatukana wanawe kwa kuchelewa. Kisha akanitukana mimi, kwa jina langu, na jina la ukoo, na siku niliyozaliwa, tusi refu, bila kukatiza, kwa pumzi moja, pumzi ya mtu aliyepona. Watu wote wa bonde wamesikia.

Niliweka nyasi chini, nikakaa nikasikiliza mpaka akamaliza. Halafu nikapanda tena juu kuezeka.